Kiti cha Nyarubale

Kisa kimefika mlangoni!

Mbona kimya? Bibi akisema kisa kimefika mlangoni, ninyi mnaitikia: kifungulieni kiingie. Haya, tena. Kisa kimefika mlangoni!

Eeh, hivyo. Kimeingia, kimeketi, kinaomba maji. Mvua hii haitatuachia leo na maharage haya hayatajichambua yenyewe, kwa hiyo mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Wewe, maganda tia kwenye ungo ule. Na ile kamba niliyowanyang'anya msiitafute, nimeikalia. Hamkuona mchezo mwingine ila kupimana viuno kwa kamba ya mbuzi, mpaka mwenzenu akaja kulia nyuma ya jiko kwamba kamba imemkataa? Simtaji. Anajijua, na leo anachambua maharage polepole kuliko wote.

Basi sikilizeni.

Zamani hizo, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake, wakati fisi alikuwa bado anakuja kuomba moto kwa jirani na kushukuru, palikuwa na nchi ikiitwa Ibale. Ibale ilikuwa kilima kimoja kikubwa, na kilima chote kilikuwa migomba. Migomba mbele ya nyumba, migomba nyuma ya nyumba. Watu wa Ibale walikula ndizi asubuhi, wakala ndizi mchana, na jioni mnadhani walikula nini? Ndizi, ndiyo. Walizipika, walizichoma, walizikanyaga wakapata pombe. Nafaka hawakuijua kabisa. Ungewaonyesha unga wangekuuliza umelitoa wapi vumbi hilo. Hilo mliweke akilini, litatufaa mbele.

Juu kabisa ya kilima palikuwa na mwamba mpana kama ua wa nyumba. Katikati ya mwamba palikuwa na mbonyeo, laini, unaong'aa. Na kando ya mbonyeo lilikuwako jiwe jingine dogo, la mviringo mrefu, kiasi cha mtoto mchanga, limefunikwa nguo ya magome ya mti na kupakwa siagi. Hapo ndipo Ibale nzima ilipokuwa ikipandia kwa heshima, viatu mkononi kama wangekuwa na viatu.

Kwa nini? Kwa sababu ya Nyarubale. Watu walisema Nyarubale ndiye mwanamke wa kwanza kufika kilimani pale, mama wa wote. Walisema alikuwa mzuri hata ndege walisahau kuruka, na alikuwa amejaa, amenona, mwili umemkaa kama mto na kingo zake. Alipofika juu alikuwa amechoka. Akakaa juu ya mwamba. Na mwamba, kwa kuuona uzuri ule, ukalainika ukachukua umbo lake. Alipoinuka, kiti kikabaki. Mtoto wake akakataa kuondoka, akageuka jiwe, akakaa pale pale kumngoja mamaye. Ndivyo walivyosema. Na kila aliyesema alikuwa naye ameambiwa.

Sasa, kwa kuwa kiti kilikuwepo, wakaona ni vyema kikaliwe.

Msichana wa Ibale akivunja ungo alitiwa kivulini. Kuingia kivulini maana yake hakuna jua, hakuna kazi, hakuna kutembea. Ni maziwa, siagi na ndizi, maziwa, siagi na ndizi, na shangazi mlangoni anaangalia kama kibuyu kimekwisha. Msimu ukiisha, mwali alichukuliwa kwa ngoma mpaka mwambani, akakalishwa katika kiti cha Nyarubale. Wanawake waliimba:

*Nyarubale, Nyarubale, sogea nikae,*
*jiwe lilikupokea, nami linipokee.*

Halafu shangazi alichuma unyasi, akainama, akaupitisha kati ya paja la mwali na ukingo wa jiwe. Unyasi ukikwama, vigelegele, mwali amejaza kiti, ni mzuri, aolewe. Unyasi ukipita, kimya. Mwali arudishwe kivulini. Na watoto, msiwe kama watoto wale, walimkimbilia nyuma wakimwita: Upepo! Upepo! Maana upepo ulipata njia chini yake.

Aliyepitiwa na unyasi mara tatu hakukalishwa tena. Hakuolewa, hakupewa shamba la migomba, alikaa uani kwa kaka zake akilea watoto wa wenziwe, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Akabaki kuwa Upepo mpaka siku ya kuzikwa.

Haya. Katika nchi hiyo alizaliwa msichana akiitwa Kemilembe.

Kemilembe alikuwa mrefu, mwembamba, miguu ya korongo. Babaye vile vile, babu yake vile vile. Ukoo mzima ungeweza kujificha nyuma ya mkuki. Lakini hilo halikuwa jambo lake kubwa. Jambo lake kubwa lilikuwa kuuliza. Aliuliza kwa nini kuku akinywa maji hutazama juu. Aliuliza kwa nini moshi haushuki. Akijibiwa, alikuwa na swali jingine limesimama nyuma ya lile la kwanza. Mama yake alikuwa akisema huyu alizaliwa ameshika swali mkononi badala ya kitovu.

Alitiwa kivulini, akanyweshwa maziwa, akakalishwa. Unyasi ukapita. Upepo!

Akarudishwa kivulini, akanyweshwa zaidi, akatapika, akanyweshwa tena mahali pa yale aliyotapika. Akakalishwa. Unyasi ukapita, safari hii bila hata kugusa. Upepo!

Nisikilizeni vizuri hapa. Alikuwako kijana mfuga nyuki, akiitwa Kaijage, aliyemposa Kemilembe tangu hajaingia kivulini, na Kemilembe alimpenda. Alimpenda kwa sababu kijana yule alipoulizwa jambo asilolijua alisema silijui. Basi baba yake Kaijage akapanda kilima, akakaa na baba wa Kemilembe, akanywa pombe yake yote, kisha akasema polepole kwamba wamengoja vya kutosha. Msimu ujao binti akikwamisha unyasi, ndoa. Ukipita, yeye ameshaona nyumba nyingine yenye binti aliyejaa. Kaijage mwenyewe hakuulizwa. Baba wa Kemilembe akatazama kibuyu kitupu.

Kwa hiyo ilikuwa imebaki mara moja. Mara moja tu, kisha awe mke wa Kaijage au awe Upepo maisha yake yote.

Shangazi yake Kemilembe aliitwa Kokwijuka, na ndiye aliyekuwa mshika unyasi wa ukoo. Huyu Kokwijuka katika usichana wake alijaza kiti siku ya kwanza, mpaka ikabidi avutwe na watu kutoka ndani. Hadithi yake ilikuwa ikisimuliwa mpaka upande wa pili wa kilima. Sasa alikuwa mtu mzima, magoti yamemkataa, anatembea kwa fimbo mbili na kuhema kila hatua. Lakini ukimwambia habari za siku ile, uso wote ulichanua. Alimpenda Kemilembe sana. Ndiyo maana alimnywesha kwa nguvu.

Siku moja Kemilembe akamuuliza, kibuyu kikiwa mdomoni.

"Shangazi, Nyarubale alikaa ameelekea wapi?"

"Alielekea alikoelekea. Kunywa."

"Maana mimi nikielekea mawio, paja la kushoto linabaki hewani. Nikielekea machweo, linabaki la kulia. Kiti kile kina nafasi ya paja moja. Lingine aliliweka wapi?"

Kokwijuka akacheka mpaka fimbo moja ikaanguka, kisha akakumbuka kwamba anatakiwa kukasirika.

"Nyarubale alikuwa na mapaja mawili, na kila moja lilikuwa zuri kuliko wewe mzima. Kunywa, mwanangu. Unyasi hauna huruma."

Akanywa. Lakini swali likawa limekwisha kuingia, na swali likiingia kwa Kemilembe lilikuwa halitoki kwa kuambiwa.

Nyuma ya nyumba ya kivulini palikuwa na mahali pa kumwagia maji ya kuoga, udongo wa mfinyanzi, mlaini. Mnajua alifanya nini? Alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akajikalia kwenye tope. Puu!

Chekeni. Hata yeye alicheka. Lakini alipoinuka hakujifuta kwanza, aligeuka akatazama. Tope lilikuwa limepata mabakuli mawili, moja huku, moja huku, na kingo katikati. Akakaa mahali pengine, akajikunja, akajinyoosha, akakaa upande. Mabakuli mawili, mabakuli mawili. Na kiti cha Nyarubale kilikuwa mtaro mmoja, mrefu, mwembamba huku na mpana kule, umezama zaidi kati. Hakuna kiumbe mwenye makalio ya namna hiyo, labda mamba.

Mama yake alimkuta na tope mpaka mgongoni, akadhani mtoto ameanza kurukwa na akili kwa maziwa mengi. Akamwosha akilia. Kemilembe akamwambia mama asilie, kisha akamuuliza kama gogo la mlangoni kwa babu bado lipo. Lilikuwepo. Babu alilikalia tangu ujana wake mpaka kifo chake, asubuhi na jioni. Mama akasema gogo limelika kidogo tu, pana, kama sinia. Gogo hilo! Mti, si jiwe, na babu alikaa miaka yote. Na Nyarubale alikaa mara moja tu?

Basi ni kitu gani kinachokula jiwe namna ile?

Akafikiri. Kivulini hakuna kazi, kwa hiyo kuna nafasi kubwa ya kufikiri. Hilo waliomweka kule hawakulifikiria. Akawa analala akisikiliza kijiji kupitia ukuta. Akasikia kinu cha kutwangia karanga? Hapana, Ibale hakukuwa na karanga. Akasikia mbuzi, akasikia watoto, na asubuhi moja akamsikia babaye ananoa panga. *Krrr, krrr.* Mbele na nyuma. Akainuka kitako. Kinoo cha babaye kilikuwa jiwe, na kilikuwa na mbonyeo katikati, mrefu, laini, unaong'aa.

Kumbe jiwe haliliki kwa kukaliwa. Linalika kwa kusuguliwa.

Mnaona, wajukuu zangu? Kusuguliwa. Lakini kusuguliwa na nini, na nani, na kwa nini? Unyasi wa kwanza ulimpita, unyasi wa pili ulimpita, lakini hili halikumpita.

Ikafika siku ambayo Ibale nzima ilishuka bondeni kukanyaga ndizi za pombe ya sherehe, mchana jua la utosi. Hata shangazi alishuka, akabebwa kwa machela. Kemilembe akafungua mlango wa kivulini akatoka. Macho yalimuuma kwa mwanga. Miguu ilimtetemeka kwa kutotembea. Alipanda kilima akishika migomba kama mtoto anayejifunza kusimama. Akaogopa sana. Mwali kuonwa na jua kabla ya siku yake ilikuwa aibu, na alilokuwa anakwenda kulifanya lilikuwa baya zaidi.

Alifika. Akapiga magoti kando ya kiti, akatia mkono. Chini kulikuwa laini kama bakuli lililolambwa. Akapapasa, akahisi mistari midogo midogo, yote imeelekea upande mmoja, kutoka mwisho mwembamba kwenda mwisho mpana. Akageuka akamtazama mtoto wa Nyarubale amelala na nguo yake.

Ilisemwa atakayemfunua mtoto yule mkono wake utakauka. Kemilembe akamfunua. Akautazama mkono wake, akaungoja ukauke. Ukakataa. Akangoja tena kidogo, kwa haki, kisha akaendelea.

Jiwe dogo halikuwa la mwamba ule. Rangi yake nyingine, uzito wake mwingine; mtu alilibeba kutoka mbali. Mgongo wake ulikuwa na mikwaruzo, lakini tumbo, alipoligeuza, tumbo lilikuwa laini. Laini vile vile kama kiti. Akalinyanyua kwa mikono miwili, akamweka mtoto katika mapaja ya mamaye.

Likakaa. Halikucheza huku wala huku. Akalisukuma mbele, likaenda. Akalivuta nyuma, likarudi. *Krrr, krrr.* Na mikono yake, watoto, mikono yake ilijikuta mahali palipochimbwa na vidole vya mtu mwingine, pande zote mbili za jiwe.

Sasa alikuwa amepiga magoti upande ule mwembamba, ameinama. Mbele ya macho yake, katika nyufa za mwamba, yalikuwa yameota majani membamba yenye vichwa kama vidole vya ngumi. Siku zote yalikuwapo. Ndege wadogo waliyafuata kila msimu, na watu wa Ibale waliyaita magugu ya Nyarubale, wakayang'oa siku ya ngoma ili mwamba upendeze. Hayakuota mahali pengine popote kilimani. Kwa nini hapa tu? Akakata kichwa kimoja, akakifikicha, zikatoka mbegu ndogo nyekundu. Akazitia katika kiti. Akasukuma mtoto mbele, akamvuta nyuma. *Krrr, krrr.*

Unga ukatoka.

Ninyi mnaujua. Ni ulezi, uji mlioulalamikia asubuhi. Yeye hakuujua. Akaulamba kidoleni, akakaa chini kwenye jua, akalia. Alilia kwa hasira kwanza, akiyakumbuka maziwa yote yale, na wenziwe waliokuwa wanahema wakipanda kilima. Halafu akacheka peke yake. Halafu akamfunika mtoto nguo yake vizuri, akafuta alama za magoti, akarudi kivulini kabla hawajarudi wao. Hakumwambia mtu. Angesema, nani angemwamini Upepo mtarajiwa anayesema kiti si kiti?

Maganda kwenye ungo, nimesema.

Siku ikafika. Ngoma zikapanda, watu wakapanda, shangazi Kokwijuka kwa fimbo zake mbili akapanda, akipumzika kila penye kivuli. Baba wa Kaijage alikuwapo, amesimama mbele. Kaijage alikuwapo, amesimama nyuma, hana raha. Wanawake wakaimba *Nyarubale, Nyarubale, sogea nikae.* Na shangazi akainama kuchuma unyasi, akachagua taratibu. Kemilembe akaona ameng'oa bua nene kama kidole, la kukwama hata chini ya mlango. Shangazi akamkonyeza. Mshika unyasi wa ukoo, aliyejaza kiti siku ya kwanza, alikuwa tayari kuiba mbele ya mababu kwa ajili ya mtoto wa kaka yake.

Hapo ndipo Kemilembe alipokaribia kushindwa. Fikirini. Angekaa tu. Bua lingekwama, vigelegele, Kaijage. Hakuna aliyetaka kitu kingine kutoka kwake ila akae.

Akamtazama shangazi, akayatazama magoti yake.

"Shangazi, nisamehe," akasema. "Leo nataka kwanza nimkalishe mtoto."

Akaivuta ile nguo ya magome. Watu wakatoa sauti moja, mama yake akajifunika uso. Wazee wakataka kumkimbilia, lakini kila mmoja alingoja mwenzake aanze, maana hakuna aliyetaka kuwa karibu mkono ukikauka. Kemilembe alikuwa ameshalinyanyua jiwe, ameliweka katika kiti, amepiga magoti. Akachukua vichwa vya magugu ya Nyarubale yaliyong'olewa na kulundikwa kando, akafikicha, akatia. Akasukuma. *Krrr, krrr.* Akavuta. *Krrr, krrr.* Ngoma zikanyamaza zenyewe. Unga ukaanza kushuka upande mpana, mwekundu, laini, ukajilundika pale pale ambapo mabinti wote wa Ibale walikuwa wakining'iniza paja.

"Hakukaa hapa," Kemilembe akasema. Alikuwa anahema, hakuzoea kazi. "Alipiga magoti, kama mimi. Alikuwa anasaga chakula. Alisaga mpaka jiwe likaisha."

Baba wa Kaijage akasema huo ni uchawi, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayengoja wengine wamuunge mkono, na hawakumuunga. Wote walikuwa wanamtazama Kokwijuka. Mwenye neno la kiti alikuwa yeye.

Kokwijuka akasogea. Akalitazama jiwe dogo, akakitazama kiti. Kisha akalitupa lile bua nene. Akachuma unyasi mwingine, mwembamba kuliko wote, mwembamba kama unywele, akainama kwa shida, akaupeleka kati ya mtoto na kiti.

Ukakwama.

Akajaribu upande wa pili. Ukakwama. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma. Katika uzee wake wote hajapata kuona kilichojaza kiti kile namna ile, hata yeye, hata siku yake ile iliyosimuliwa mpaka upande wa pili wa kilima. Fimbo zikamtoka. Akashuka kwa magoti yake mabovu karibu na Kemilembe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Basi kiuno chake kilikuwaje?" akauliza. Aliuliza kama mtoto. "Nyarubale. Alikuwa mnene? Alikuwa mwembamba?"

"Sijui, Shangazi. Kiuno hakutuachia. Shika hapa uone, ametuachia mikono."

Akachukua mikono ya shangazi, akaiweka katika zile alama za vidole. Vidole vikaingia. Na Kokwijuka, yule yule, akalia mbele ya watu. Alisema magoti yake ameyaacha juu ya mwamba huu, na hakuna aliyewahi kumwambia ni kwa ajili ya nini. Alilia kisha akafuta pua kwa mkono, akasema, sogea, niachie nami nisukume.

Jioni ile walipika uji wa kwanza Ibale. Uliungua, na ulikuwa na mchanga. Kila mtu alionja, hata baba wa Kaijage, ambaye alisema haufai akaomba tena. Kaijage alikuja akakaa karibu na Kemilembe, akamuuliza alijuaje. Akamwambia habari ya tope. Wakacheka mpaka watu wakageuka. Hawakuoana msimu ule. Kemilembe alisema kwanza miguu yake ijifunze tena kupanda mpaka kwenye mizinga ya nyuki bila kushika miti, na Kaijage akasema mizinga haina haraka.

Msidhani mambo yaliisha siku hiyo. Wapo waliosema Nyarubale alisaga, sawa, lakini alisaga akiwa amenona. Wapo walioendelea kuwafungia mabinti zao majumbani, kimya kimya, na vibuyu. Mazoea hayatoki kama vumbi. Lakini kiti hawakukikalia tena, kwa sababu kila walipopanda walikuta mtu anasaga, na aliyesaga zaidi ya wote alikuwa mzee mmoja wa fimbo mbili, amewekewa mto wa majani ya migomba chini ya magoti, ambaye ukimsogelea na binti yako mwenye huzuni alikuwa anamjazia kiganja ulezi na kumwambia, lete mikono.

Sasa mnaniuliza mafunzo yako wapi. Haya. Mtu akikuambia umbo la mwanamke ni hili na si hilo, usikimbilie kulia. Lia baadaye, ukitaka, machozi hayaozi. Kwanza muulize: nani alipima? Alipima nini? Na kipimo chenyewe kilikuwa cha kazi gani kabla hakijaletwa kwako? Muulize mpaka achoke yeye, si wewe.

Mvua imekatika. Wewe uliyechambua polepole, simama. Chukua kamba hii. Unaijua ni ya nini? Sema kwa sauti, na wenzako wasikie. Ya mbuzi. Basi nenda kamfunge mbuzi, yupo kwenye mihogo ya jirani tangu tumeanza.

Kisa kinaaga mlangoni. Itikieni: kiacheni kiende, kimeacha nafasi yake.